Naomba ushauri: kisu cha ulu jikoni na namna ya kukinoa

Habari zenu wakuu. Niko Anchorage, Alaska, na nimepewa zawadi ya ulu, kile kisu cha akina mama wa Kiinuiti (wenyeji wa asili wa kaskazini kwenye baridi kali) cha kuchunia ngozi na kupasulia samaki. Makali yamepinda kama mwezi mwandamo, mpini uko juu katikati, hivyo nguvu ya mkono inashuka moja kwa moja.

Kwa giligilani, kitunguu swaumu na hata kutenganisha ngozi ya samaki, sina malalamiko. Unakibembeza tu huku na huku. Shida ni kachumbari. Kwenye kibao bapa makali yanagusa sehemu ndogo, vitunguu vinabaki vimeshikana chini. Bakuli la mbao lililokuja nacho linafaa kukatakata, siyo kupata vipande vyembamba.

Tena kimeanza kuwa butu, nyanya inapondeka. Bapa lake limenolewa upande mmoja tu, na kile kinoleo cha kuvuta (unapitisha kisu kwenye mfereji wake) kinanoa pande zote mbili, kwa hiyo sijathubutu. Nina kinoo bapa cha kawaida.

Mnaokitumia, mnakinoaje bila kuharibu ule mviringo? Na kwa kachumbari, kuna namna ya kukishika au nirudi tu kwenye kisu cha kawaida?