MREJESHO: Msosi Mombasa baada ya kushuka melini

Wadau, niliuliza shangazi na mjomba wakishuka meli ya kitalii pale Kilindini niwapeleke wapi wakale kabla ya kupanda treni ya SGR ya usiku. Asanteni sana, mliosema mgahawa wa Tarboush wa Makadara Road mlinena, mishkaki moto moto na bei haiumi, afu si mbali na Fort Jesus kwa hiyo tulizunguka kwanza njaa ikafunguka ndo tukaingia. Mjomba yeye alishikilia samaki wa kupaka tu, tukampatia Mji wa Kale, ule mchuzi wa nazi aliupangusa na mkate wa mofa mpaka sahani ikang'aa, shangazi akabaki kucheka. Mgahawa wa Tamarind tuliuacha, uko ng'ambo Nyali na foleni ya daraja la Nyali jioni mnaijua wenyewe, huo ni wa mtu anayelala Mombasa. Mizigo niliiacha kwa binamu anayekaa mtaa wa Tudor maana kuburuta masanduku kwenye vile vichochoro ni adhabu. Na jamani stesheni ya SGR kule Miritini ni mbali na ukaguzi una laini ndefu, tokeni mjini mapema. Viazi karai tulifungiwa vya njiani.