Ushauri: nataka kuanzisha utafiti wa picha za ubongo chuoni, nianzie wapi?

Mwana_wa_Shela: Wandugu, hamjambo. Nafundisha chuo cha udaktari hapa Pwani, nyumbani Malindi. Nataka tuwapige watoto picha za ubongo, hasa wa kifafa na wale malaria imewapanda kichwani. Usingizi sipati. Nianzie wapi?

BibiManga: Pole mwanangu. Wangu ilimpanda, tukamkimbiza Mombasa usiku kwa probox. Sasa yuko darasa la saba ila hesabu zinampiga chenga. Mungu akujalie.

DaktariMstaafu: Anza na watu. Blantyre kule Malawi walikuwa na MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, yenye nguvu ya tesla 0.35 tu, lakini mwaka 2015 walitoa matokeo: kati ya watoto 25 waliofariki kwa malaria hiyo ya kichwani, 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya. Nani atasoma picha zako? Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya sayansi ya serikali, unacho? Na mashine ipi?

Mwana_wa_Shela: Mashine si tatizo.

Fundi_Stima: Mtu akisema hivyo, basi ndiyo tatizo lenyewe.

Mwana_wa_Shela: Haya. Iko kwenye kontena Kilindini, wiki ya tano. Tesla 1.5, mtumba wa Ulaya. Nilishasaini. Mngejua bei ya mpya msingenilaumu.

Fundi_Stima: Heliamu ya kupoza sumaku je?

Mwana_wa_Shela: Mshale umelala kwenye sufuri. Itajazwa.

Fundi_Stima: Kwa nini, maji ya mto Sabaki? Sumaku hiyo hukaa ndani ya heliamu ya nyuzi 269 chini ya sufuri, na kipozeo chake hakitaki stima ikatike hata usiku. Ramadhani iliyopita jenereta ya msikiti wetu ilizima katikati ya tarawehe, imamu akamalizia gizani. Sumaku haina subira ya imamu.

Kidagaa: Mwacheni. Waitaliano walirusha setilaiti pale Ngomeni mwaka 1967, sumaku itamshinda? 😂

Kaskazi: Ngojeni kwanza. Huyu huyu mwezi jana alikuwa anauza ploti Watamu. Leo bingwa wa ubongo? Hadithi ya kutunga hii.

Mwana_wa_Shela: Si ya kutunga. Ploti ndiyo iliyolipa meli. Chuo nitakiambia mashine ikishafika, wakiiona hawatakataa.

DaktariMstaafu: Chuo hakijui?!

BibiManga: Na mkeo je?

Kaskazi: Subiri, ploti ile ya kando ya barabara? Uliniambia haijauzwa, nikakutumia elfu ishirini uniwekee.