Naomba ushauri: nitatoaje cherehani na vyeti vyangu kwa mume tuliyetengana naye?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu, ambaye tulifunga naye ndoa bomani, tumetengana bila talaka, na kwa sasa ninaishi kwa dada yangu hapa Dar es Salaam. Niliondoka na nguo za mtoto tu, nikaacha vyeti vyangu vya shule, jokofu alilonizawadia mwenyewe, na cherehani niliyoinunua kabla hatujaoana, ambayo ndiyo inayonilisha. Amebadilisha kitasa, na nikimpigia simu anajibu kwamba kila kilichomo ndani ni chake kwa kuwa ndiye anayelipa kodi. Nifanyeje bila kuzua ugomvi?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, dada. Kulipa kodi hakumpi mtu umiliki wa cherehani ya mkewe: kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mke au mume, na kwa kifungu cha 61 zawadi aliyokupa mumeo huchukuliwa kuwa ni yako mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usivunje kitasa, wala usiende na kaka zako. Mwombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa amwite mumeo, mpange siku, na vitu vitolewe mbele ya mjumbe, kila kimoja kikiandikwa katika hati ya makabidhiano (cherehani iandikwe pamoja na namba yake, siyo «cherehani moja» tu), kisha nyote wawili mtie saini.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, ila tusichanganye mambo. Kama mna kiwanja au mali nyingine mlizochuma pamoja, hizo hazigawanywi na mjumbe. Hiyo ni kazi ya mahakama inapotoa amri ya kutengana au talaka, chini ya kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika kuchuma mali. Kwa hiyo mumeo akikuletea karatasi yenye maneno «sina madai mengine», usiitie saini kwa sababu tu unaitaka cherehani.

Mchangiaji wa tatu

Wapo watakaokushauri uripoti polisi kwamba vyeti vimepotea ili upate vingine. Usithubutu, maana unajua viliko, na taarifa ya uongo itakugeuka. Akipuuza wito wa mwenyekiti au akikutisha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi; kama unataka talaka, anza na baraza la usuluhishi la kata.