Picha hatukuzielewa, maneno tumeyabeba. Ya kwenu ni yapi?

Kijana wa Deki (Igogo, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Wanaojua Kizungu wakiangalia sinema wanatoka na sentensi za mwigizaji, kesho yake wanazirudia kazini. Sasa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulitoka na nini, na hata tulikuwa hatusikii wanachosema?

Ukiniuliza mimi, tulibeba vyombo. Mkanda, picha, steringi, trela. Mtu akitaka kujua ugomvi wa jirani anakwambia "nipe mkanda mzima". Akisimulia alivyotolewa vitu nje na mwenye nyumba, lazima aseme "sasa hapo ndipo picha likaanza". Bosi akifoka asubuhi, wenzako wanakwambia hiyo trela tu, picha lenyewe saa nane. Hakuna neno hata moja hapo lililotamkwa na mwigizaji. Yote ni ya mlangoni na ya kwenye benchi.

Nayajua kwa sababu mjomba alikuwa na banda hapa Igogo miaka ya tisini, na mlangoni nilikaa mimi. Mabenchi yalikuwa ya mbao za mitumbwi iliyochoka, jenereta nje inaunguruma, televisheni ndani ya sanduku lenye kufuli. Deki ikianza kuleta chenga, mjomba anachomoa kanda, anafungua mfuniko, anachukua noti mpya, anailowanisha kidogo kwa pafyumu na kusugua hedi taratibu, huku watu wanapiga miluzi wanataka hela zao. Ubao wa mlangoni aliuandika mwenyewe kwa chaki: LEO NGUMI MWANZO MWISHO. Jina la picha hakuhangaika nalo. Aliandika la steringi, basi.

Na alikuwa anatafsiri, Kizungu chenyewe hakijui. Adui akimnong'oneza mwenzake, mjomba anasema, "Anamwambia tukutane Mwaloni alfajiri, njoo na panga." Watu walielewa picha vizuri kabisa! Kina Lufufu kule Dar walikuja kuifanya kazi hiyo kwa ustadi, wakaiuza kwenye kanda, lakini kila mtaa ulikuwa na wake.

Swali: ni kweli tulichukua vyombo tu, au nadanganywa na ule mlango wangu? Leteni maneno. Bongo Muvi tuziache kwanza, zile tulizielewa.

Konda wa Igoma

Mkuu, "steringi hafi" ndiyo inayotuweka mjini. Abiria akilalamika mwendo namwambia atulie, dereva wangu ndiye steringi. Tukimwona trafiki pale mbele nagonga bodi, "adui kaingia". Dereva anajua cha kufanya.

Mama Furu (Nansio, Ukerewe)

Hujambo mwanangu. Umesahau la kwanza kabisa: rambo.

Sisi huku kisiwani Rambo tulimjua kama mfuko kabla ya kumjua kama mtu. Mifuko ilikuja na picha yake, kifua wazi, kitambaa kichwani, bunduki mkononi. Unanunua nusu kilo ya sukari, unaondoka na Rambo. Mwanangu wa kwanza alipoenda Mwanza akaona lile picha bandani, alirudi ananiambia, "Mama, yule wa kwenye mfuko anapigana!"

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019. Mpaka leo mteja wa dagaa ananiambia "nitilie kwenye rambo", namtilia kwenye mfuko mbadala, na wala hashtuki.

Mwalimu Mstaafu (Bukoba)

Shikamoo Mama Furu.

Rambo wako ana ndugu. Magazeti yetu ya udaku yalikuwa hayaishi kuandika "paparazi wetu alimnasa". Paparazi alikuwa jina la mtu, tena mtu wa kwenye sinema. Mwaka 1960 Federico Fellini wa Italia alitoa *La dolce vita*, na humo kuna mpiga picha msumbufu anaitwa Paparazzo. Jina likahama kwa mhusika likawa la kazi, likazunguka dunia, likafika Kariakoo. Sisi tukamfanya mtu kuwa mfuko. Njia ni ile ile.

Kijana wa Deki, kwenye vyombo nakupinga kidogo. Huku kwetu mikanda mingine ilitufikia ikiwa na sauti ya Kiganda, ya kina VJ Jingo wa Kampala, na Mhaya akikaza sikio Kiganda anakipata. Kwa hiyo kuna tuliokuwa tunasikia. Halafu filamu za Kinigeria zilipoingia, watu walibeba neno zima zima. Mzee akiingia harusini na fimbo yake, vijana wanampigia "Igweee!" Hicho ni cheo cha mfalme kwa Waigbo, na hakuna aliyekaa akatufasiria. Tuliona watu wanavyoinama, tukaelewa.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Hamjambo majirani. Mimi ni wa upande huu mwingine wa ziwa. Neno "mapanki" mara ya kwanza nililisikia kwa sababu ya ile filamu iliyotengenezwa kwenu. Sisi twaita mgongo wazi, na akina mama wa Obunga wamesomesha watoto kwa kukaanga hiyo. Nauliza tu: mapanki mlikuwa mkisema kabla, ama ni filamu iliwaletea?

Kijana wa Deki (Igogo, Mwanza)

Kaka, lilikuwepo, na halikuwa na ubaya wowote. Kiwanda kikishatoa minofu ya sangara, kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupani. Hayo ndiyo mapanki. Mengine yanasagwa chakula cha kuku, mengine yanakaangwa, unakula na ugali siku ambayo hela ya sato haipo. Mama alikuwa ananituma kama anavyonituma chumvi.

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria akatoa *Darwin's Nightmare*, sehemu kubwa kaipiga hapa Mwanza: ndege za mizigo, viwanda, watoto wa mitaani, na hayo mapanki yakiwa yameanikwa na mainzi juu yake. Mwaka 2006 ikawania Oscar. Mwaka huo huo Rais Kikwete akaisema vikali akiwa hapa hapa mjini, na watu wakaandamana. Nchi nzima ikaibatiza "filamu ya mapanki", na wengi walioibishania hawakuwahi kuiona hata dakika moja.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar najifunza ufundi wa simu. Nikisema natoka Mwanza: "Aaa, wale wa mapanki!" Bila salamu. Mboga ya mama ikageuka utani, na utani wenyewe una sumu. Rambo tulimchukua kwao tukamfanyia tunavyotaka. Hii ilikuja kuchukua neno jikoni kwetu, ikaturudishia limechafuka. Kuna ukweli mwingi mle, sikatai, njaa ilikuwepo. Lakini mpaka leo nikiona mtu wa Dar anatamka lile neno huku anacheka, damu inanichemka.

Mama Furu (Nansio, Ukerewe)

Limechafukia huko huko Dar. Nansio tunalitumia kama kawaida.

Kijana wa Deki (Igogo, Mwanza)

Sawa mama, nimekusikia. Na Mwalimu, Igwe nakupa. Ila zilipokuja zile DVD za Kinigeria, picha kumi kwenye diski moja, watu walikuwa wanaangalia sebuleni kwao, na mjomba alishauza deki kanunua bodaboda. Huo ni utawala mwingine.

Zimebaki za Kihindi. Mjomba alikuwa haziweki, anasema nyimbo zinamaliza mafuta ya jenereta, kwa hiyo huko mimi ni mgeni. Zaidi ya "acha kunifanyia picha la Kihindi", zilituachia nini? Wa Mlango Mmoja na Pasiansi mpo?