Mjadala: Baba wa Inuyasha na Sesshomaru aligawa panga kwa haki?

Wakuu, juzi tuliangalia tena filamu ya tatu ya katuni ya Kijapani ya Inuyasha, ile iliyotoka Japani Desemba 2003, ya ndugu wawili wa baba mmoja na panga tatu alizoacha mzee wao. Ilipoisha, jamaa yangu mmoja akasema neno ambalo limenikaa rohoni mpaka leo: "Mzee alijua anachofanya. Kila mtoto alipata kinachomfaa." Wote pale wakaitikia. Mimi nilikataa palepale, na bado nakataa.

Kwa ambao hawajaiona: mzee ni jemadari wa mazimwi ya mbwa. Mkubwa, Sesshomaru, ni zimwi kamili. Mdogo, Inuyasha, mama yake Izayoi ni binadamu, kwa hiyo yeye ni nusu zimwi nusu mtu, na huku na huku hatakiwi. Mzee alimwachia mdogo Tessaiga, upanga unaoangusha mia kwa pigo moja. Mkubwa akaachiwa Tenseiga, ambayo haikati mwili wa aliye hai; kazi yake ni kurudisha uhai wa aliyekufa. Ya tatu, So'unga, ina roho mbaya ndani yake na huamsha wafu. Hiyo watumishi wa mzee waliishia kuitupa kisimani, na ndiyo inayozua balaa lote la filamu.

Nianze na pale mwanzoni kabisa, maana kesi yangu yote iko pale. Ni usiku, mwezi umejaa, bahari iko mbele yao. Mzee ana majeraha ya vita na damu inadondoka. Anakwenda kumwokoa Izayoi na kichanga aliyezaliwa usiku huohuo, na hatarudi. Nyuma yake amesimama mwanawe mkubwa. Kijana hamzuii kwenda, ila anataka kabla ya kwenda amkabidhi So'unga na Tessaiga. Mzee anamuuliza nguvu zote hizo anazitakia nini. Halafu anamuuliza kama anaye wa kumlinda. Kijana anajibu kwamba hana haja na kitu kama hicho. Mzee anaondoka. Basi, hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho.

Swali lenyewe ni zuri sana, silipingi. Ninachouliza ni kama swali hilo linatosha kuwa wosia. Mzee anayejua anakwenda kufa alikuwa na nafasi ya kusema, "Mwanangu, Tessaiga niliifanya kwa ajili ya kumlinda mama wa mdogo wako, na wewe nakupa hii kwa sababu hii." Hakusema. Akamwachia fumbo, na kijana akakaa na fumbo lile miaka na miaka akiliona ni tusi.

Na tusisahau kijana yule anaishi zama zipi. Kisa kimewekwa katika Japani ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika koo za samurai za wakati ule desturi iliyokuwa imetawala ni mrithi mmoja kuchukua vyote, mara nyingi mwana mkubwa. Oda Nobunaga, jemadari wa enzi hizo, alimuua mdogo wake katika kugombea uongozi wa ukoo. Karne kadhaa kabla yake, Minamoto no Yoritomo na Yoshitsune, baba mmoja mama mbalimbali, walikuwa upande mmoja mpaka maadui wao wakazama katika vita vya majini vya Dan-no-ura mwaka 1185, na miaka minne baadaye mdogo akajiua kwa sababu kaka alishatoa amri asakwe. Mtoto aliyekulia ndani ya hayo, ukimpa upanga usiokata bila maelezo, utegemee aelewe nini?

Wapo watakaosema basi natetea mfumo wa mkubwa kuchukua vyote. Sitetei hata kidogo. Mdogo alistahili fungu lake kamili, na ubaguzi ule wa "huyu ni nusu tu" unanikera kuliko chochote kwenye hadithi hii. Tena si mambo ya mazimwi peke yao. Mpaka mwaka 2013 sheria ya Japani ilikuwa inampa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nusu ya fungu la ndugu yake wa ndani ya ndoa. Mahakama ya Juu ikatamka Septemba mwaka huo kwamba hilo ni kinyume cha katiba, na sheria ikabadilishwa kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo kumpa Inuyasha Tessaiga ni sawa. Ugomvi wangu na mzee ni kunyamaza.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona nyumbani. Babu yangu alikuwa seremala. Baba, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyeshinda naye karakanani tangu utoto. Babu alipofariki, sanduku la vyombo likaenda kwa baba mdogo, na baba akapewa kipande cha shamba. Naikumbuka randa ile, kishikio chake kiling'aa kwa jasho la mikono ya babu. Baba hakuwahi kuigusa tena. Shamba lilikuwa na thamani kubwa kuliko vyombo, kila mtu alijua. Lakini miaka mingi ndugu wale wawili walisalimiana misibani tu, maana hakuna aliyeambiwa sababu.

Hoja iliyonibana zaidi siku ile ni hii: kama mzee angemweleza, Sesshomaru angemuua kichanga usiku uleule. Nimeifikiria. Lakini Tessaiga ilikuwa na kinga ambayo ilimuunguza mkono hata alipoikuta kaburini kwa baba yake, na Sesshomaru hakuhitaji upanga wowote kuua kichanga. Kunyamaza hakukumlinda mtoto. Walipokutana pale kaburini walipigana, na mkubwa akapoteza mkono wa kushoto.

Hoja ya pili ni kwamba mpango ulifanikiwa, kwa kuwa mwishoni ndugu wale wanaunganisha mapigo yao kuishinda So'unga. Kweli, na pale machozi yalinilengalenga. Ila aliyembadilisha Sesshomaru ni nani? Ni Rin, yatima asiyesema neno, aliyemletea chakula porini akiwa ameumia. Siku moja akaja uso umevimba kwa kipigo, jino limeng'oka. Sesshomaru akamuuliza kimemkuta nini, na mtoto akatabasamu tu kwa furaha ya kuulizwa. Alipouawa na mbwa mwitu, ndipo Tenseiga ilipotumika mara ya kwanza. Kule kumfufua mtoto kulitokana na tabasamu lile. Mzee msimpe sifa isiyo yake.

Na waliosoma hadithi yenyewe ya michoro ya mtunzi wake, Rumiko Takahashi, iliyoanza 1996 na kumalizika 2008, wanajua inazidi kuwa mbaya. Baadaye Sesshomaru anagundua kwamba Tenseiga ilimegwa kutoka Tessaiga, na kwamba pigo la Tenseiga alilohangaika kulikamilisha lilikusudiwa liishie kwa mdogo wake. Tena mmoja wa waliomfumbua macho ni adui wa zamani wa baba yake, aliyekuja kumcheka.

Kwa hiyo anayesema mzee aligawa kwa haki anijibu hili kwanza: kwa nini mtoto asikie wosia wa baba yake kwa mdomo wa adui?