Kambi ya shule, tuisheni ya mtaani au pasti pepa nyumbani: dogo abaki wapi mpaka Novemba?

KakaMlezi
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko kidato cha nne, shule ya kata, pepa ni Novemba. Wazazi wako kijijini, mlezi ni mimi, na mshahara wangu ukifika tarehe kumi umeshapumzika kwa amani.

Njia ziko tatu. Kuna kambi: shule inataka 120,000 mpaka siku ya mtihani, analala huko huko, prepu hadi saa nne usiku. Kuna tuisheni ya mtaani, buku kwa siku, jioni, chumba kimoja vichwa kama sabini. Au abaki nyumbani na wenzake watatu wapige pasti pepa, mimi nichangie bando na hela ya kutoa kopi.

Matokeo ya utamilifu (mtihani wa majaribio) wa mkoa: Kiswahili B, Historia C, Uraia C, Jiografia D, Kiingereza D, Baiolojia D, Hisabati F. Na si mvivu. Anakesha mpaka namhurumia. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Sisimizi
Msuli tembo, matokeo sisimizi. Huyo namjua, alikuwa mimi.

BintiKilosa
Kambi. Mimi kambi iliniokoa, na wala si kwa sababu ya walimu, maana wengine walikuwa wanasinzia prepu kuliko sisi. Iliniokoa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniita "njoo uoshe vyombo". Nyumbani nilikuwa nashika daftari saa tatu usiku, nishachota maji, nishapika, nishamlaza mtoto wa dada. Kaka, usiseme "abaki nyumbani" kabla hujaangalia nyumbani kwako kukoje.

KakaMlezi
Dada, umenigusa. Ni wa kiume, kazi hana nyingi, ila tunaishi chumba na sebule, na sebuleni kuna runinga. Yangu.

MzeeWaChaki
Kabla ya kuchagua njia, piga hesabu kwanza. Kidato cha nne wanachukua masomo saba bora: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kijana wako ana 2+3+3+4+4+4+5, jumla 25. Daraja la tatu ni 22 hadi 25, kwa hiyo yuko ukingoni kabisa. Somo moja likishuka hatua moja, yuko la nne.

Sasa igeuze. Jiografia, Kiingereza na Baiolojia zikitoka D kwenda C, na Hisabati ikitoka F kwenda D, inakuwa 21. Hilo ni daraja la pili. Masomo manne, hatua moja moja.

Na kama anautaka mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kidato cha tano, Uraia haumo humo. Historia na Kiswahili anazo. Kinachomfungia mlango ni Jiografia au Kiingereza. Muulize usiku anakesha na somo gani. Naweka dau ni Kiswahili au Historia. Watoto hukesha na somo wanaloliweza, linawabembeleza.

KakaMlezi
Shikamoo mwalimu. Nimemuuliza sasa hivi. Historia.

MzeeWaChaki
Marahaba. Hisabati isiwatishe. Karatasi ina sehemu A maswali 10 ya alama 6, na sehemu B maswali 4 ya alama 10. D inaanzia 30. Maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika, basi. Achukue namba, vipeo na logi, seti, uwiano na hesabu za biashara, mfuatano, halafu aongeze takwimu kama akiba. Mada hizo azisage mpaka azichoke. Na aonyeshe njia hata kama jibu analijua kichwani, maana njia nzuri yenye jibu bovu huokota alama, lakini jibu bovu peke yake halina kitu.

Fundi_Bati
Mimi nimeufanya mtihani huu mara mbili, ya pili kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo nazungumza kwa uchungu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye tuisheni ya aina hiyo hiyo, watu sabini. Mwalimu alikuwa hodari, anachekesha, ubao unajaa, sisi tunanakili. Nilimaliza madaftari manne makubwa. Unajua ni majibu yangu mangapi aliyoyasahihisha mwaka mzima? Hata moja. Ataanzia wapi, na watu sabini?

Kwenye chumba cha mtihani ndipo nilipojijua. Somo nalielewa kwa Kiswahili, nikishika kalamu Kiingereza kinakimbia. Swali linasema "taja", naandika ukurasa mzima. Linasema "fafanua", naandika mstari. Muda ukaniishia swali la mwisho halijaguswa.

Mara ya pili nilikuwa nashinda kijiweni kwenye bati, nasoma usiku saa moja na nusu tu. Ila kila Jumapili nilikaa mezani saa tatu na saa ya ukutani, nafanya pepa nzima, Jumatatu nampelekea mwalimu mmoja jirani asahihishe kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa namtengenezea mageti bure. Nikatoka ziro nikapata C za kutosha kwenda chuo. Saa nilizosoma zilikuwa chache kuliko mwanzo.

Kwa hiyo swali langu kwako, mkuu: kati ya hizo njia tatu, ni ipi ambayo mtu ataisoma kazi ya dogo na kumwambia hapa umekosea?

MamaWawili
Fundi kamaliza. Niongeze tu kwamba kambi nyingine ni mabweni ya dharura, wamelundikana madarasani, maji ya shida. Mwanangu alirudi na kikohozi wiki mbili kabla ya pepa. Nenda ukaone wanapolala kabla hujatoa hiyo laki na ishirini.

MlangoWaSiri
Wadau acheni kuumiza watoto. Kuna kundi la Telegram pepa zinashuka siku tatu kabla. Njooni inboksi.

Sisimizi
Huyu naye. Mwaka wetu walikula hela za darasa zima, wakatutumia pepa ya miaka mingi nyuma wamebadilisha tarehe. Hata font haikufanana.

MzeeWaChaki
Na ukikutwa na ya kweli ndiyo mbaya zaidi, Baraza la Mitihani hufuta matokeo. Miaka minne inakwenda na maji.

MjaluoWaPwani
Ndugu zangu watani, nawasalimu kutoka Kenya. KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, pia huwa Novemba kwa hivyo joto ni lile lile. Hata huku watu huja na mwakenya, karatasi ya kuibia majibu, kwenye soksi na wanarudi nyumbani wakilia.

Mimi natetea kikundi cha watu wanne, ila kiwe na masharti. Chetu cha kwanza kilikuwa gumzo: tulijadili swali moja, kisha Arsenal mpaka usiku. Cha pili tulifanya hivi. Kila mtu afanye pepa kivyake, kimya, kwa saa. Halafu mnabadilishana karatasi na kusahihishiana mkiwa na mwongozo wa kusahihisha mkononi. Ukimsahihisha mwenzako ndipo unaona upumbavu wako mwenyewe, maana ameurudia. Kabla hujasahihisha, ukikosa unasema "nilikuwa najua". Hapana, hukuwa unajua.

Fundi_Bati
Mtani leo umeongea.

BintiKilosa
Sawa, lakini vipofu wanne wakisahihishana? Wote Hisabati F, nani atajua jibu?

MzeeWaChaki
Hoja nzito, binti. Kuna kitu watu hawakitumii na ni bure. Baraza kila mwaka hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, iko kwenye tovuti yao. Wanaeleza swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na wanabandika mpaka picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na bovu. Pasti pepa bila hiyo taarifa ni nusu ya kazi. Hapo bando la KakaMlezi litakuwa limekwenda pahali pake.

Lakini nyumbani kuna pengo moja: Baiolojia ya vitendo. Haisomwi kwenye kitanda. Nimeifundisha miaka mingi na kosa ni lile lile. Mtoto anadondosha ayodini kwenye sampuli, inageuka buluu-nyeusi, anaandika "wanga upo" kwenye safu ya alichokiona. Alichokiona ni rangi. Wanga ni hitimisho, una safu yake. Anajua kila kitu na alama zinakwenda kwa kuandika safu siyo. Hilo linataka maabara na mtu wa kumpiga kofi la mkono pale pale.

KakaMlezi
Mwalimu, kwa hiyo nachanganya? Nimeongea na mwalimu wao wa Baiolojia, anakubali wanafunzi wa kutwa waingie maabara Jumamosi na wa kambini. Nichangie kemikali kidogo tu.

MzeeWaChaki
Basi umeshapata kambi yako kwa bei ya Jumamosi. Siku nyingine kikundi, kwa masharti ya mtani wetu. Hela iliyobaki tafuta mwalimu mmoja wa Kiingereza asahihishe insha mbili kwa wiki, za huyo kijana tu. Usiku saa nne alale. Mtoto aliyekesha anasoma swali mara tatu.

MamaWawili
Na siku ya pepa: kalamu ya wino wa bluu au mweusi, zaidi ya moja. Penseli ya michoro. Namba ya mtihani kila ukurasa. Simu ibaki kwako kabisa, isiingie hata getini.

Sisimizi
Na asianze kujadili majibu nje ya mlango pepa ikiisha. Mimi pepa ya Jiografia niliifeli kwa sababu ya kusikiliza majibu ya Historia ya asubuhi.

KakaMlezi
Wakuu, nimempa dogo uzi wote ausome. Kikundi kinaanza kesho, wanaanza na Hisabati namba moja mpaka tano, na BintiKilosa usijali, mmoja wao ana C. Ameomba vitu viwili: saa ya ukutani, na mimi nihamishie runinga chumbani kwangu. Saa nimenunua.

BintiKilosa
Na runinga?

KakaMlezi
Nasubiri mechi ya Jumapili ipite.