Taa za mbele za IST zimekuwa za njano: nizisugue mwenyewe au ninunue nyingine?

Mkazi wa Buhongwa

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kuhusu taa za mbele za gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004, ambazo plastiki yake imekuwa ya njano na yenye ukungu kiasi kwamba ukisimama mbele ya gari huioni balbu iliyo ndani. Kila Ijumaa jioni huwa naenda Magu kumwona mama, na nikishapita Kisesa giza likaingia naendesha kwa kukisia, kwa sababu waendesha baiskeli wasio na taa nawaona wakiwa wameshanikaribia mno.

Miezi mitatu iliyopita nilizisugua kwa dawa ya meno. Zilimetameta kwa wiki tatu hivi, kisha zikarudi zikiwa mbaya kuliko mwanzo. Muuza spea amenitajia laki mbili na nusu kwa jozi ya mtumba, na fundi mwingine ananiambia nifunge balbu za wati 100, yaishe. Taa ya kulia ina mikwaruzo pia, niliyoipata nilipoegesha kwenye ua wa michongoma. Je, kazi hii inaweza kufanyika nyumbani ikadumu, au najichosha bure?

Fundi Rangi, Nyakato

Ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi, chukua kikombe cha maji, uyamwage juu ya taa mchana kweupe na uitazame ikiwa bado imelowa. Ikionekana safi, kisha ukungu ukarudi maji yanapokauka, ujue ubovu uko upande wa nje na msasa utauondoa. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, basi tatizo liko ndani, ama ni unyevu uliopenya kwenye sili iliyochoka, ama ni plastiki yenyewe iliyojaa nyufa ndogondogo, na hapo kusugua nje ni kupoteza muda. Kuhusu mikwaruzo, pitisha ukucha: usiponasa, itatoka yote, ukinasa, itapungua tu.

Taa za magari haya si kioo. Ni polikaboneti, plastiki ambayo jiwe likiipiga haivunjiki kirahisi, lakini hukwaruzika upesi na haistahimili miale ya urujuanimno ya jua. Kiwandani huifunika kwa ngozi nyembamba ngumu ya kuikinga na miale hiyo. Ngozi ile ikishaliwa na jua, plastiki iliyo chini hubaki wazi, ikageuka njano. Dawa ya meno ni msasa laini tu: iling'arisha juu, ikamalizia na mabaki ya ile ngozi, wala haikurudisha kinga yoyote. Ndiyo maana hali ilizidi kuwa mbaya.

Dereva Mstaafu, Kirumba

Mimi nimeendesha Land Rover 109 yenye taa za kioo kwa miaka mingi, na hatukuwahi kusikia habari za taa kuota njano. Kwa hizi za plastiki, kijana wangu hutumia dawa ya mbu ya kujipaka. Anaipaka kwenye kitambaa, anafuta mara mbili, taa inakuwa nyeupe pale pale. Hakuna haja ya kuhangaika na misasa.

Fundi Rangi, Nyakato

Mzee wangu, shikamoo. Inang'aa kweli, nami nimeiona iking'aa. Dawa nyingi za kujipaka zina kemikali iitwayo DEET, ambayo huyeyusha plastiki. Inaulainisha uso wa taa, mikwaruzo inafunikwa kwa muda, kisha uso huo unakauka ukiwa dhaifu zaidi. Tina ya kuyeyushia rangi na petroli ni hatari kuliko hiyo dawa. Niliwahi kuletewa taa iliyofutwa kwa tina, nikakuta imeota nyufa nyembamba kama utando wa buibui kutoka pembe hadi pembe, na hapo hakuna msasa unaosaidia.

Sasa kazi yenyewe. Osha taa kwa sabuni, ikauke, kisha zungushia bodi ya gari utepe wa karatasi tunaotumia sisi mafundi rangi, tabaka mbili, maana msasa ukiteleza mara moja tu umeharibu rangi ya boneti. Tumia msasa wa maji; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Anza na namba 800, au 600 kama ile ngozi ya kiwandani inabanduka vipande vipande, ukilowesha muda wote. Maji yatakayotiririka mwanzoni yatakuwa ya njano. Usihamie namba nyingine mpaka yawe meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, kwa sababu wengi huishia njiani na kubakiza kipande cha njano pembeni. Namba 800 sugua kwa mlalo, 1000 kwa wima, 1500 kwa mlalo tena, ili mistari ya msasa uliotangulia ionekane na uimalize. Usishtuke taa ikiwa nyeupe kama maziwa. Huko ndiko inakopaswa kupita.

Hapa ndipo njia zinapoachana, na ndipo watu wengi wanapokosea. Ukitaka kumalizia kwa kung'arisha tu, endelea hadi 2000 na 3000, kisha paka dawa ya kung'arishia rangi ya gari kwa kitambaa laini. Itapendeza, lakini itabaki bila kinga, hivyo kazi hiyo utairudia. Ukitaka idumu, ishia kwenye 1000 au 1500, futa kwa spiriti ya kusafishia vidonda, usiguse tena kwa vidole, halafu ipuliziwe klia, yaani vanishi isiyo na rangi, inayokinga jua. Klia hujaza mistari yote ya msasa na taa hurudi kuwa angavu mbele ya macho yako. Mtu anayeing'arisha kwanza ndipo apulize klia huinyima klia mahali pa kushika, nayo hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Klia bora ni ile inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu, lakini hadina ina isosayaneti, ambayo hudhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Ushauri wangu ni kwamba msasa ufanye nyumbani, kisha peleka gari kwa fundi mwenye barakoa ya vichujio akupulizie. Ni kazi ya dakika chache.

Mama Wawili, Igombe

Naongezea jambo moja kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa. Mimi nilipuliza klia ya kopo saa kumi na mbili jioni, nikiamini kwamba upepo umetulia, nami kwa ujinga wangu nikawasha taa ya baraza ili nione vizuri. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi. Hadi leo taa yangu ya kushoto ina wadudu saba waliokaukia ndani ya klia, mmoja amekunjua mabawa kabisa. Fanyeni asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kusukuma vumbi.

Mkazi wa Buhongwa

Nimewaelewa. Jaribio la maji nimelifanya na taa zote mbili zilionekana safi zilipokuwa zimelowa. Na ile habari ya balbu za wati 100, au kununua taa za mtumba zilizotoka Dubai?

Mwalimu wa Fizikia, Sengerema

Balbu haitakusaidia. Ukungu hautii giza tu, unautawanya mwanga. Ukiongeza wati unaongeza huo mwanga unaotawanyika, unamuumiza macho anayekuja mbele yako, na barabara inabaki vile vile. Zaidi ya hapo, balbu ya H4 ya kawaida hutumia wati 55 kwenye mwanga mdogo na 60 kwenye mkubwa, yaani kama ampea 5 kwa volti 12. Ya wati 100 inavuta zaidi ya 8, na plagi ya plastiki iliyo nyuma ya taa haikutengenezwa kwa joto hilo.

Kuhusu za Dubai, uwe mwangalifu. Huko wanaendesha upande wa kulia, na taa za huko huinua mwanga upande wa kulia, ambao kwetu ndio upande wa gari linalokuja. Za Japani zinatufaa kwa kuwa nao wanapita kushoto kama sisi.

Mkazi wa Buhongwa

Narudi na majibu. Jumamosi nilianza saa moja asubuhi, na kila taa ilinichukua kama saa moja, maana kwenye namba 800 nilidhani nimemaliza, kumbe pembeni karibu na boneti bado maji yalikuwa ya njano. Fundi wa jirani alinipulizia klia mbili nyepesi. Mikwaruzo ya michongoma imetoka, isipokuwa mmoja ambao ukucha ulikuwa unanasa, nao hauonekani mpaka uinamie. Ijumaa nilikwenda Magu. Baada ya Kisesa nilimwona mwendesha baiskeli akiwa mbali, na nikaliona hata gunia la mkaa alilofunga nyuma. Ila sasa naona mwanga wa kushoto umepanda kuliko wa kulia.

Fundi Rangi, Nyakato

Huenda ulikuwa hivyo tangu zamani, ukungu ukakuficha. Egesha gari sehemu tambarare ukitazama ukuta, washa mwanga mdogo, kisha zungusha skrubu ya kurekebishia iliyo nyuma ya taa, taratibu, mpaka mistari miwili ya mwanga ilingane. Na kwa wiki nzima usimruhusu kijana wa kuosha magari aguse taa hizo kwa brashi.